Mwenye Jina

Sanduku la marehemu baba yake lilikuwa na mashati mawili, viatu vya kazi vilivyolika visigino, na bahasha iliyofunguliwa zamani. Mfua nguo aliipeleka dirishani, akasoma. Majina yake mwenyewe, yote matatu. Amechaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na tisa nyuma, mwaka ule ule baba yake alipomwambia amefeli, amemwaibisha, naye akafungasha nguo zake akaondoka bila kuaga.

"Shangazi, hii nini?"

Shangazi aliyekuwa akifagia aliegemeza ufagio ukutani.

"Mwalimu mkuu alikuwa na binti aliyefeli. Baba yako alikuwa mlinzi wa geti pale shuleni. Akaambiwa achague: atoe vyeti vyako binti yule avitumie, au apoteze kibarua chake. Mlikuwa watano, mwanangu, na mama yenu yuko kaburini."

"Na mimi je?"

"Alisema wewe una nguvu, hutakosa cha kufanya."

Kesho yake mfua nguo alikwenda hospitali kuchukua hati ya kifo. Wadogo zake wanne walimtuma yeye, mkubwa wao. Bila hati ile, vile vyumba viwili alivyoacha baba visingekuwa vyao. Alipotaja jina lake, karani alicheka.

"Hilo ni la Matroni. Matroni! Njoo umwone pacha wako."

Akatoka mwanamke wa makamo, nadhifu, kibao cha jina kifuani. Mfua nguo akakisoma taratibu, kama mtoto anayejifunza herufi.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nimezaliwa na hilo jina. Mlinzi wa geti alikuwa baba yangu."

Matroni aliinamisha macho. Alipoongea, aliongea chini chini. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ningemkatalia vipi baba?" Kisha akauliza, "Una kitambulisho?"

"Nilinyimwa. Waliniambia jina limeshachukuliwa. Nikadhani wamekosea."

Karani hakucheka tena. Alimtazama Matroni, akingoja.

"Mwandike jirani wa marehemu," Matroni akasema, sauti imerudia ukubwa wake. "Mpe hati. Aweke kidole."

"Najua kuandika."

"Asiye na kitambulisho anaweka kidole, mama."

Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika. Alifikiria wadogo zake wanne. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Sabuni na dawa ya madoa zilikwishalisugua miaka yote ile. Likaacha doa jeusi tu, bila mstari hata mmoja.

"Halisomeki," karani akasema. "Rudia."

Akarudia.