Ada ya Bastola ya Wendell

Bastola ya Wendell Haugen ilifika kwenye duka langu la silaha Jumatatu, na tangu hapo sikutulia. Napanga risasi, napangua. Nafagia palipokwisha kufagiwa. Wendell aliinunua mtandaoni, na sheria inataka ipitie kwa mwenye leseni ya kuuza silaha. Katika mji wetu huu jimboni Montana mwenye leseni ni mimi, Lorna, tangu mume wangu afariki.

Ada ya makabidhiano najipangia mwenyewe. Dola ishirini na tano kwa kila mtu. Hamsini kama silaha yenyewe ninayo kabatini na wewe umeifuata kwenye kompyuta, maana duka langu si ghala la watu. Na tano juu kwa mbishi. Hiyo tano niliianzisha kwa ajili ya Wendell, mkono wa birika yule! Miaka yote nikitaja ada ananiita jambazi mpaka wateja wanashika mbavu.

Lakini Februari tulimzika Ingrid, mkewe. Bunduki za kuwindia Wendell alishaziuza kulipa hospitali. Halafu juzi nikamwona mbwa wake kwenye gari la jirani.

"Kanipa moja kwa moja," jirani akaniambia.

Wendell kumtoa yule mbwa? Mtu anayemgawa mbwa wake huku akinunua bastola hana mpango wa kuiona kesho.

Alhamisi akaja, kanyoa ndevu. Akajaza fomu, nikawapigia simu wakaguzi wa serikali huku naomba wamkatae. Wakasema hana doa, endelea.

"Ngapi?" akauliza.

Neno likanitoka tu. "Mia tatu."

Nikasubiri matusi. Haki ya Mungu, sijawahi kuyatamani matusi ya mtu kama siku ile. Wendell akafungua pochi, akaweka noti mezani bila hata kuzitazama.

"We mzee, mbona hunitukani?"

"Nimechoka, Lorna. Nipe niende zangu."

"Sikupi!" Nikaifungia bastola kwenye kasha la chuma, ufunguo nikausweka kifuani.

"Wamesema endelea."

"Wao hawakujui. Hapa namkabidhi ninayemtaka. Rudisha hela zako mfukoni, ada imepanda. Tunakwenda sasa hivi kumchukua mbwa wako, kisha utakula kwangu. Leo, kesho, na keshokutwa. Na binti yako nampigia simu mwenyewe."

Nikafunga duka mchana kweupe, nikamshika mkono kama mgonjwa, nikampakia garini.

Kwa jirani, mbwa alipomwona alimrukia nusura amwangushe. Wendell akapiga magoti kwenye matope, akaficha uso kwenye manyoya yale, akalia kwa kwikwi. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono.

Baadaye akajifuta kwa mkono wa koti.

"Siku tatu nile kwako?"

"Siku tatu."

"Na mapishi yako yale? Jambazi mkubwa wewe."

Hapo ndipo na mimi nikaangua kilio.