Kabati la Wagomvi

Kinyozi alikuwa na viti viwili. Kimoja cha kunyolea, ngozi yake imepasuka na kushonwa mara tatu, na kingine cha mbao, kimeegemezwa ukutani chini ya kioo, ambacho hakuna mteja aliyethubutu kukikalia kabla ya saa nne asubuhi. Hicho kilikuwa cha Kabrasha. Mzee huyu alikuwa karani wa masijala ya ardhi kwa miaka thelathini na moja, akashinda humo na mafaili mpaka watu wakalisahau jina lake la kuzaliwa. Tangu alipostaafu kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma gazeti kwa sauti na kulibishia.

"Haya, leo wametuletea nini?" kinyozi akauliza, huku akipuliza nywele kwenye mashine yake.

Kabrasha akalikunjua gazeti, akalipiga kofi tumboni.

"Sikilizeni. 'Ardhi Kiganjani: mwananchi kuona hati yake kwa sekunde tisa.' Tisa! Si nane, si kumi. Huyo aliyehesabu alishika saa au alishika tumbo?"

Watu wakacheka. Fundi cherehani, aliyekuwa kitini nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akasema, "Lakini mzee, enzi zenu ilikuwa wiki tisa."

"Wiki tisa, ndiyo, lakini ukitoka umeishika hati mkononi. Hawa nawajua. Si walileta mashine ya kutoa namba za foleni? Watu wakapanga foleni ya kuchukua namba. Wakaleta kamera za barabarani, zikaibiwa zote, na hakuna hata moja iliyomwona mwizi. Debe tupu haliachi kuvuma, bwana. Mimi nitaamini siku nitakayoona."

"Na ukiona?"

"Nitavaa miwani nione vizuri."

Hapo ndipo mpwa wake alipoingia. Alikuwa binti wa dada yake, mwenye miaka ishirini na sita, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Alifanya kazi katika ofisi ile ile ya ardhi, ila yeye hakujua gundi wala kamba. Yeye alikaa mbele ya kompyuta, akiingiza mafaili ya zamani kwenye mfumo mpya. Mjomba na mpwa walipendana sana, na kwa sababu hiyo walitaniana bila huruma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sekunde tisa hazijambo?"

Binti hakucheka. "Naomba utoke nje kidogo."

Nje, kando ya ndoo ya maji ya kinyozi, akamwambia kwa sauti ya chini. "Nyumba ya mama haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye mfumo. Nimetafuta kwa jina lake, kwa namba ya kiwanja, kwa jina la babu. Kila nikibonyeza inasema hakuna taarifa. Mjomba, mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Kiwanja ambacho faili lake halijaingia kitahesabiwa hakina mwenyewe. Na karatasi zote zinakwenda kiwandani, zikachemshwe ziwe maboksi."

Ilikuwa Jumanne.

Mtu mwingine angeshika kichwa. Kabrasha, Mungu amsamehe, alihisi furaha. Alirudi ndani kifua mbele kama jogoo aliyeona jua kabla ya wenzake.

"Niliwaambia au sikuwaambia? Mfumo wao umeimeza nyumba ya dada yangu! Nzima, na paa lake!"

Kinyozi akazima mashine. "Dada yako anakosa nyumba, na wewe unacheka?"

Kabrasha akakaa, aibu imemshika masikio.

Fundi cherehani, kwa nia njema ya kumwondolea aibu, akatia neno. "Ila tuseme haki, hata zamani mafaili yalipotea. La baba yangu lilipotea miezi saba. Yeye na ami walikuwa wanagombea kile kiwanja cha kona, hawasalimiani hata msibani. Kila akienda anaambiwa limepotea, rudi mwezi ujao. Siku waliyopatana wakaenda wote wawili, na faili likaonekana siku ile ile! Baba mpaka anakufa alisema ile ilikuwa dua."

Gazeti likateleza magotini mwa Kabrasha. Haikuwa dua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile alikuwa yeye.

Katika masijala, enzi zake, palikuwa na kabati moja la chuma, rangi ya majivu, kwenye pembe ambayo taa haikufika. Wakubwa walidhani lina wino na riboni za mashine ya chapa. Yeye na mama mpiga chapa, ambaye sasa ni marehemu, waliliita Kabati la Wagomvi. Ndugu wakija wametoleana macho, huyu anataka kuuza, yule anaapa haitauzwa maadamu yu hai, Kabrasha alilichukua faili lao akalitia humo na kufunga kwa ufunguo. Kisha akatoka dirishani, uso mkavu kama ubao, akasema, "Limepotea. Rudini mwezi ujao."

Waliitukana serikali, wakamtukana na yeye, wakaenda. Mwezi ukapita, miwili, hasira ikapoa kama uji. Siku wakija pamoja na kukaa kwenye benchi lile lile, mama mpiga chapa aliwapa chai. Wakinywa bila kupeana kisogo, faili lilipatikana. Hakuna aliyewafundisha sheria hiyo, wala haikuandikwa popote. Waliitunga wao wawili baada ya kuona mtu na mdogo wake wakipigana kwa viti mbele ya dirisha.

Na humo, miaka thelathini iliyopita, aliweka faili la nyumba ya dada yake, kwa sababu wagomvi wenyewe walikuwa dada yake na yeye: dada akitaka kuiuza nyumba aliyoachiwa na baba yao, yeye akiapa haitauzwa.

"Mpwa wangu," akasema akiinuka, "nipeleke ofisini."

Alikuwa hajaingia masijala tangu alipostaafu, miaka minane. Mlangoni miguu ilimwambia ageuke kulia kwenye rafu, akageuka, rafu hazipo. Ukuta ulikuwa na mistari myeupe pale zilipokuwa zimesimama, na kwenye sakafu alama za gurudumu la toroli la mafaili, lile lililolia kwii kwii, ambalo walikataa kulitia mafuta ili wasikie bosi akija. Magunia ya karatasi yalipangwa mpaka dirishani. Alivuta pumzi. Harufu ya gundi ilikuwepo bado, kidogo, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Saa nne kamili mama mpiga chapa alikuwa akigonga meza kwa muhuri mara tatu, maana yake chai tayari. Kwa muda Kabrasha alisimama akisubiri asikie muhuri ule.

"Mjomba, unatafuta nini?"

"Kabati la chuma. La majivu."

Binti akaonyesha kwa kidole. Kabati lilikuwa pale pale pembeni, lakini juu yake walikuwa wameweka mtambo, ule wenyewe wa Ardhi Kiganjani, wenye taa za kijani zinazopepesa na nyaya kama nywele za mtu aliyeamka. Sekunde tisa zote zilitokea hapo.

"Tulikuta limefungwa, ufunguo hakuna," binti akasema. "Fundi wa mtambo akalitikisa kidogo, akasema ni zito, litafaa kuwekea."

Fundi wa mtambo alipoitwa alikataa katakata. Mtambo hausogezwi bila barua.

"Barua ya nani?" Kabrasha akauliza.

"Ya makao makuu."

"Inachukua muda gani?"

Fundi akakuna kidevu. "Kama wiki tisa."

Kabrasha alimtazama mpwa wake, na mpwa akamtazama yeye, wakaumeza mcheko. Kisha binti akaenda ukutani, akachomoa waya wa umeme. Taa za kijani zikafa moja moja. Wakaushika mtambo watatu, fundi akilalamika kwamba yeye hayumo na huku ameshika upande mzito, wakautua sakafuni. Nje watu wa foleni waliambiwa mfumo uko chini, na siku hiyo hawakudanganywa.

Ufunguo ulikuwa kwenye shada la funguo zake za nyumbani. Miaka yote minane alikuwa akiupita akitafuta wa mlango, bila kujiuliza kwa nini hakuurudisha. Kabati lilifunguka kwa kikohozi.

Mafaili kumi na moja. Kwenye mgongo wa kila moja kulikuwa na maandishi ya penseli ya mkono wake mwenyewe wa ujana, ulionyooka, usiotetemeka. *Mapacha. Wanasubiriana waombane radhi. Wajane wawili, bwana mmoja. Baba na mwana, taratibu.* Na la chini kabisa: *Mimi na dada. Tukinywa chai, lirudishwe.*

Alilishika kwa mikono miwili. Chai walikuwa wamekunywa. Siku mpwa huyu alipozaliwa alikwenda, akamshika mtoto, dada akamtilia kikombe bila kuulizwa, na ugomvi ukaishia hapo. Ila alikuwa amejaa furaha, na faili hakuna aliyeliulizia tena. Likabaki gizani.

"Ndilo?" binti akauliza. "Alhamdulillah! Naliingiza sasa hivi. Nimeshampigia mama, anahitajika kuweka kidole. Yuko njiani."

Kabrasha akaketi juu ya gunia. Hilo la dada kuja hakulitarajia.

Dada alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitano, na alitembea kama mtu anayechelewesha gari kwa makusudi. Aliingia, akaona kabati wazi, akaona faili, akamwona mdogo wake ameinamisha shingo. Hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo mara mbili, na hapa hakuambiwa hata mara moja. Alilichukua faili akasoma mgongo wake.

"Huu mwandiko wako."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuja mara nne," akasema. "Ya tatu mvua ilininyea. Nilisimama dirishani natiririka maji, ukanitazama usoni. Ukasema limepotea."

"Nilisema."

"Mnunuzi akachoka akaenda zake, na nauli yangu ikaenda naye. Mume wangu akasafiri peke yake. Alirudi baada ya miaka mitatu na kunikuta nimekuwa mtu mwingine, na yeye pia mtu mwingine, tukaanza upya kama wageni. Miaka thelathini nimeilaani ofisi hii. Nimewalaani mawaziri sita! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Serikali yenyewe nimezaliwa nayo tumbo moja."

"Nyumba ya baba, dada. Nilidhani hasira ikipoa..."

"Hasira ya nani? Mimi sikuwa na hasira. Mimi nilikuwa na safari."

Kila siku kwenye kile kiti cha mbao aliuliza kwa gazeti: nani aliwapa hawa ruhusa ya kutuamulia maisha yetu? Swali lilikuwa zuri. Hakuwahi kudhani litamgeukia na kumkalia mbele likiwa limevaa kitenge.

"Nilikosa," akasema. "Nisamehe."

Mtambo ulikuwa umewashwa tena, pale pale sakafuni, na binti alikuwa amepiga magoti akipitisha karatasi za babu yake moja moja kwenye mashine ya kunakili. Dada akaenda, akaweka kidole gumba kwenye kioo kidogo. Kompyuta ikafikiri. Kabrasha, bila kutaka, akahesabu kimoyomoyo.

"Imeingia!" binti akasema. "Mama, nyumba yako hiyo hapo."

"Sekunde ngapi?" dada akauliza bila kugeuka.

"Kumi na nne," Kabrasha akasema.

"Ni chini ya miaka thelathini."

Kisha akarudi kwenye kabati, akayahesabu yaliyobaki kwa ncha ya kidole. "Na haya kumi?"

"Ya wagomvi wengine. Nilistaafu kabla hawajapatana."

"Wako hai?"

"Wengine."

"Wanajua kwamba Ijumaa viwanja vyao vinakwenda?"

"Wanajua faili limepotea."

Dada akajifunga upya mtandio. "Inuka. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako, mlango kwa mlango, na mimi nitasimama nyuma yako nisikie kama unasema kweli. Tunaanza na mapacha."

"Dada, wale mapacha mmoja ana mbwa."

"Vizuri."

Kabrasha akajipukuta vumbi. Kwenye dirisha la zamani aliona birika la umeme la ofisi na vikombe vitatu, akathubutu. "Tunywe japo chai kwanza?"

Dada alikwisha fika mlangoni. Alisimama, amempa mgongo.

"Chai utakunywa siku nitakayokutilia mimi. Mimi na wewe bado. Twende."

Wakatoka, yeye mbele, mdogo wake nyuma na orodha ya majina kumi mkononi, hatua tatu nyuma kama zamani alipokuwa akimpeleka shule. Walipopita mbele ya kinyozi, fundi cherehani, sasa kichwa kimekamilika, alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Mzee! Vipi, mfumo wameuweza au hawajauweza?"

Kabrasha alisimama. Asubuhi ile angekuwa na jibu la kuwavunja mbavu.

"Nakuja kukueleza kuhusu dua ya baba yako," akasema. "Nikimaliza mapacha."

Na akakaza mwendo, maana dada alikuwa hamsubiri.