Moshi Ulikuwa Mwingi

Naanza na baba yangu, kwa sababu Bunda nzima huanza naye. Baba ni Hamduni, fundi wa pikipiki na injini za mitumbwi, na sifa yake aliipata miaka ile ya shida, petroli ikiwa ya kibali na sabuni ikiwa ya foleni. Mtu akipewa lita tano za wiki nzima, alikimbilia kwa Hamduni. Hamduni aliingiza uzi mmoja wa waya wa shaba kwenye tundu la kabureta, mafuta yakawa yanapita kwa kudonoa, na pikipiki ikafika Butiama na kurudi. Watu walimwombea dua. Baada ya mwaka injini zile zilikufa, pistoni zimeungua, lakini nani angelalamika wakati kila kitu kilikuwa kinakufa? Walilaumu vipuri.

Mimi ni Mwanahalima, binti yake. Miaka kumi na miwili nilikaa naye benchi moja nikitengeneza stovu za kupampu na taa za karabai. Kazi yote ya stovu ni sindano, tundu na pumzi inayosukuma mafuta. Niliijua kazi hiyo kuliko yeye, nasema bila haya, na yeye mwenyewe alikuwa akinipa zile zilizomshinda. Lakini mteja akija kulipa alimpa mkono baba na kumwambia, "Ahsante fundi," mimi nikiwa nimekaa palepale, vidole vyeusi kwa masizi.

Sasa mwaka wa tisini na sita, biashara zimefunguliwa, Abdulkadiri akarudi kutoka Dubai. Huyu ni mfanyabiashara wa hapahapa Bunda, aliyeanza kwa kuuza betri za tochi. Alikuwa anafungua duka Musoma mjini, la injini za mitumbwi na vipuri vyake, na nyuma ya duka karakana yenye sakafu ya saruji. Alikuwa anatafuta fundi mmoja wa kuishika karakana hiyo. Ili watu walisikie duka lake, alileta na kioja: gari la kuchezea, lori dogo lenye matairi manene, urefu wake mkono mmoja, lenye injini ya kweli inayonguruma na kutoa moshi, na linaendeshwa kwa rimoti. Alitaka lizunguke kiwanja mara tatu siku ya Idd, mbele ya watu wote.

Lori lenyewe lilikuwa likienda hatua ishirini na kuzima.

"Atakayelizungusha mara tatu, funguo za karakana ni zake," alituambia pale bandani kwetu. "Awe nani, awe nani."

"Hata mimi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Hata wewe, mama. Ahadi ni ahadi."

Baba akasema vidole vyake vimekuwa vinene kwa vitu vidogo kama hivyo, nilichukue mimi. Nikalichukua. Sikulala vizuri wiki nzima, si kwa hofu, kwa hamu. Nilijiona Musoma, na watu wakiniita fundi kwa jina langu.

Ugonjwa wa lori nilishauona kabla ya saa sita siku ya kwanza. Kulikuwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba la moshi kwenda kwenye tangi, na pumzi ya moshi ndiyo inayosukuma mafuta yapande, sawasawa na pampu ya stovu. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye kona. Injini ikikaza mwendo, tangi halina pumzi, mafuta hayaji. Nilikwenda kwa nesi Dafroza, akanipa kipande cha mpira wa dripu, nikakifunga. Kisha nikatengeneza kichujio cha mafuta kwa wavu laini wa stovu ya zamani, na kwa ajili ya vumbi la Bunda nikakata sponji, nikailowesha oili, nikaivisha mdomo wa kabureta. Lori likaanza kuvuta.

Ikabaki sindano, ile skrubu ndogo ya kabureta inayopima mafuta. Karatasi ya maelekezo niliisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Mafuta ya lori lile ni ya peke yake, ya rangi ya waridi, na oili ya kulainisha injini imo humohumo ndani yake. Ukibana mafuta, umeibana na oili. Kwa hiyo moshi lazima uonekane; moshi ndiyo alama kwamba pistoni inakunywa. Nikaifungua sindano mizunguko mitatu kamili. Jioni tatu mfululizo lori likazunguka nyuma ya nyumba bila kukohoa.

Baba alikuwa akiutazama ule moshi kama mtu anayeona maziwa yanamwagika. "Mwanangu, moshi huo ni mafuta yanapoteaga hivihivi."

"Baba, ndiyo oili yake hiyo. Usiiguse sindano. Nakuomba."

"Sawa, mama. Nimesikia."

Alisikia! Nilimwambia mara tatu, na mara tatu alisema amesikia.

Siku ya Idd, baada ya swala, kiwanja kilijaa. Walikuja hadi wavuvi wa Mugango na kanzu za kuazima. Abdulkadiri akasema si vizuri mwanamke apige magoti mbele ya halaiki kuvuta kamba ya injini. Baba aliwashe, mimi nishike rimoti. Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu ni hilo moja tu.

Baba akabana betri kwenye plagi kuipasha moto, akavuta kamba. Lori likaitika, na moshi mweupe ukatanda. Mzee mmoja akapiga kelele, "Hamduni, leo unamwaga mafuta?" Watu wakacheka. Nilimwona baba ameinama, mgongo umenielekea, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kisha moshi ukapungua, akaniachia.

Lori liliruka. Sijawahi kuliona likikimbia vile, likilia kwa sauti nyembamba, na kiwanja kizima kikashangilia. Mimi sikushangilia. Sauti ile naijua, ni ya injini yenye kiu. Nilipunguza mwendo haraka, lakini kwenye mzunguko wa pili, katikati, lililia kama filimbi na kusimama. Nilipofika lilikuwa la moto, na kamba haikuvutika. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kwenye silinda.

Yakaanza maneno. "Kazi ya kiume kumpa mwanamke!" "Arudi kwenye stovu zake!" Abdulkadiri akatikisa kichwa. "Mwanahalima, umeniaibisha."

Nikachukua bisibisi, nikapiga magoti hapohapo kwenye vumbi na nguo yangu ya Idd, nikaanza kuifunga sindano nikihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Na robo." Ikagota. Nikasimama. "Mimi niliiacha mizunguko mitatu. Hii robo tatu imeibwa na nani?"

Abdulkadiri akamgeukia baba.

Baba hakudanganya, nampa haki yake. Alijikuna kidevu, akasema, "Moshi ulikuwa mwingi."

Nikasubiri. Nilidhani sasa watamgeukia kama walivyonigeukia mimi. Basi sikilizeni walichofanya. Wazee walianza kuitikia kwa vichwa. "Ni kweli, ulikuwa mwingi," akasema mmoja. "Mafuta hayatupwagi ovyo," akasema mwingine. "Mwaka themanini na tatu, bila Hamduni, pikipiki gani ingetembea hapa?" Na Werema, mzee mwenye mitumbwi mitatu Mugango, mteja ambaye Abdulkadiri alikuwa anamwinda, akainua fimbo yake na kusema, "Kosa moja haliachi mke. Injini zangu mimi nitampelekea Hamduni."

Kosa moja! Dakika tano zilizopita kosa hilohilo lilipokuwa langu, halikuwa na methali.

Abdulkadiri aliwaangalia wale wavuvi. Akaniangalia mimi. Nilimwambia, "Ahadi, bwana." Akajifanya hajasikia. Akatoa funguo kwenye mfuko wa kanzu na kumnyooshea baba yangu.

Nilimtazama baba machoni. Alijua nani aliyetengeneza lori, alijua nani aliyeliua, na alijua ninachokingoja kutoka mdomoni mwake. Neno moja lilitosha: "Mpe binti yangu." Watu wale wangemsikia yeye kuliko karatasi, kuliko hesabu, kuliko injini yenyewe iliyokufa mbele yao.

Akazipokea, kwa mikono miwili.

"Tutakwenda wote, mwanangu," akaninong'oneza. "Zile ngumu utakuwa unanifanyia wewe."