Upepo Ulipolichukua Hema la Osea

Karibu watu wote wa Itaka walijua kwamba Osea na mkewe Ketrina wanakwenda kulala mlimani, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Hawakuwa na mgonjwa huko, wala msiba, wala ng'ombe aliyepotea. "Mmefukuzwa?" jirani mmoja aliwauliza, akilitazama paa lao jipya la nyasi kama anayetafuta mahali linapovuja.

Ukweli ni kwamba Ketrina ndiye aliyeanza. Felista, binti yao wa mwisho, aliolewa kijiji cha Mpemba baada ya mavuno, na tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kimya mpaka wakawa wanasikia panya wakipita darini. Humo darini mlikuwa na hema kuukuu likifunika mahindi. Enzi za ujana wake Osea aliwabebea wapima ardhi mizigo katika milima ya Undali, nao walipomaliza kazi wakamwachia hema hilo. Jioni moja alipoanza tena habari za baridi na upepo wa kule juu, Ketrina aliweka chini ungo wa maharage.

"Baba Felista, habari hizo nazisikia tangu nikiwa bibi harusi. Basi nipeleke nikaone mwenyewe."

Osea alimtazama kana kwamba amemsikia akisema Kijerumani. Kisha akapanda kulishusha hema.

Walitembea taratibu, wakalala kwa ndugu njiani, na kesho yake alasiri wakatokeza juu ya mgongo wa mlima. Ketrina akashika kichwa, maana kitambaa chake kilikuwa kinamtoka. Upepo wa Itaka huvuma ukapumzika. Huu wa hapa ulisukuma tu, bila kuvuta pumzi, na nyasi zote zilikuwa zimelalia upande mmoja.

"Kaza!" Osea alipiga kelele, akiwa ameshika nguzo kwa fahari ya msimamizi. "Legeza! Kaza upande wako, Mama Felista!"

Hema likasimama. Osea akarudi nyuma kulitazama, mikono kiunoni, na hapo hapo kamba moja iliyoliwa na panya ikakatika. Ya pili ikafuata. Ketrina akairukia ya tatu, akaning'inia nayo, na hema likamburura kwenye majani, matako chini, miguu juu, huku mumewe akimkimbilia na kupaza sauti, "Achia! Achia, mke wangu!"

Akaachia. Hema likajaa upepo kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, likaruka ukingo wa mlima, likapotea.

Osea alifika akihema. "Umeumia?"

Ketrina alikuwa amelala chali, machozi yakimtoka, anacheka. Alicheka mpaka Osea naye akakaa chini, akashikwa na kicheko hicho hicho, wazee wawili juu ya mlima wasio na pa kulala.

Ndipo wakasikia mayowe kutoka bondeni.

Waliteremka mbio. Chini ya ukingo, kundi la watu wenye vikapu na mikeka lilikuwa limelizunguka hema, na mama mmoja mnene alikuwa akilichapa kwa fimbo kwa nguvu zake zote.

"Mnyama gani huyu?" aliwauliza, bila kuacha kuchapa.

"Si mnyama, mama," Osea alisema. "Ni nyumba yetu."

Mama huyo aliitwa Enesi. Yeye na wenzake walikuwa wakimsindikiza Marita, binti wa dada yake, kwenda kuolewa upande wa pili wa mlima. Walikuwa wamechelewa kwa sababu bibi harusi alisimama kila kona kulia, na sasa jua linazama nao wanaogopa kuvuka kwa baridi ile.

"Basi laleni kwetu," Ketrina alisema, na wote wakaangua kicheko.

Walilibeba hema pamoja hadi kwenye kibonde kati ya miamba. Safari hii halikukosa mikono. Waliweka mawe pindoni, na waliokosa mawe wakakalia pindo wenyewe. Osea akachemsha kahawa, kama alivyofundishwa na wapimaji. Watu hawa waliokuwa wakiilima miaka yote hawakuwa wamepata kuinywa. Enesi aliionja, akakunja uso, akaomba tena.

Marita alikuwa pembeni, khanga usoni. Ketrina akajisogeza karibu naye.

"Mama yako anafanya nini sasa hivi?"

"Anapika," Marita alisema kwa sauti ndogo.

"Hapiki. Amekaa jikoni, moto umezimika, anakuwaza wewe. Mimi nilikaa hivyo mpaka mume wangu akazoea viazi vya jana."

Marita akafunua jicho moja. "Halafu?"

"Halafu nikasimama. Si unaniona nilipo?"

Msichana alimtazama mama huyu mgeni mwenye majani kichwani na gauni lililochanika nyuma, na kicheko kikamponyoka. Enesi alipokisikia akapiga kigelegele, wenzake wakaimba, na turubai la hema likapigapiga juu yao likiwafuatisha.

Alfajiri sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imeyafanya majani kuwa meupe. Mawingu yalikuwa chini yao, yamelijaza bonde la Songwe kama maziwa ndani ya kibuyu. Marita aliondoka akitangulia mbele ya wasindikizaji wake, na Enesi akalalamika nyuma kwamba sasa anakimbia.

Osea akaanza kufunga mizigo. Ketrina alikuwa bado amesimama, blanketi mabegani.

"Milima ile ng'ambo ni ya wapi?"

"Ile ni Nyasaland."

"Na huu wa karibu, wenye miti kileleni?"

"Huo hata sisi na wapimaji hatukuufikia."

"Unga upo?"

"Upo," Osea alisema, akaanza kutabasamu.

Ketrina akajitwika sufuria, akamshika mkono mumewe, wakauelekea mlima huo.