Meza Niliyoikata kwa Kipimo cha Tumbo

Mimba ilipofika mwezi wa nane, tumbo lilinizuia kuifikia vizuri meza ya kukatia vitambaa. Mkasi uliishia njiani, mgongo ukawaka moto, na miguu ilivimba hadi nikawa navaa ndala za mume wangu. Nikamwambia msimamizi.

“Mimba si ugonjwa, mama,” akasema. “Ukishindwa, kaa nyumbani.”

Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi nimepandwa na hasira. Kukaa nyumbani! Miaka kumi na moja nakata sare za shule pale, na yeye hata chaki hajui inashikwaje.

Nikajibana kwenye ukingo wa meza, nikalichora umbo la tumbo langu juu yake kwa chaki kama ninavyochora kwapa la shati. Nikaazima msumeno kwa seremala jirani, nikakata. Nilipoingia kwenye lile pengo, mkono ulifika hadi mwisho wa kitambaa.

“Umeharibu meza!” msimamizi akafoka. “Ukishajifungua, nani atafanya kazi hapo?”

Mkataji mwenzangu, dada mpole asiyewahi kumjibu mtu, akaweka mkasi chini, akalivuta gauni lake likabana tumbo.

“Mimi,” akasema. “Nina miezi minne.”