Chokaa ya Mtondoo

Msitu wa Kitongani ulikuwa mdogo, mtu mwenye miguu mizima angeuzunguka na wali aliouacha jikoni usiungue. Lakini ulikuwa wa kale. Uliota juu ya jiwe tupu, mizizi imejipenyeza kwenye nyufa, na katikati palikuwa na mti mmoja wa mtondoo ambao watu wazima watatu wakishikana mikono hawakuumaliza kuuzunguka. Ubavuni mwake palikuwa na pango dogo lenye maji baridi, ya kunywa kabisa.

Mwenye dhamana ya msitu huo alikuwa Bi Sichana. Alikuwa mvyale, yaani mtu wa ukoo uliotangulia pale, ambaye bila ya yeye kuuliza hapana anayekata hata fito. Dhamana aliachiwa na bibi yake. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Mtu akitaka miti ya kujengea banda, au gome la dawa, alimwendea Bi Sichana barazani, akamweleza shida yake. Bi Sichana alitia makaa kwenye kichetezo, akachukua ubani, asali kidogo na yai, akaingia msituni peke yake. Alirudi akasema kateni, au akasema hapana, tafuteni kwengine. Na kila mwaka aliufunga ule mtondoo kitambaa chekundu na cheupe, pale pale kilipoozea cha mwaka uliopita, hata gome lilikuwa limefanya mkanda uliobonyea, mweupe kidogo kuliko pengine.

Miiko ilikuwa inajulikana na kila mtoto. Viatu huvuliwa. Mtu haitwi kwa jina lake mle ndani. Tawi halivunjwi. Na habari za waliovunja miiko zilikuwa tele: huyu alipinda shingo, yule alipotea akaokotwa Pongwe hajui hata jina la mama yake. Hofu hiyo ndiyo iliyoulinda msitu. Matanuri ya chokaa yalikula vichaka vyote vya upande ule, mahoteli yakala yaliyobaki, Kitongani ikasimama peke yake kama jino moja mdomoni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Sichana hakuwahi kumwambia mtu ila bibi yake. Alipokuwa kigori alimfuata mbuzi mle msituni, mvua kubwa ikamkamata, akalala pangoni hadi asubuhi. Alisikia komba wakilia na maji yakidondoka, basi. Aliporudi alimsimulia bibi yake, naye alikuwa anasuka ukili, hakuinua hata uso. Alimwambia tu, "Ushaona. Sasa nyamaza." Akanyamaza miaka yake yote.

Ndipo akaja Mahfoudh. Alikuwa kijana wa Mpendae, mwenye ndevu chache na adabu nyingi, na kikundi chake cha mjini kilikuwa kikienda huku na huko kutunza misitu ya zamani kwa kujitolea. Alikuja na glavu, majembe na fulana za kijani. Alimwamkia Bi Sichana shikamoo huku ameinama, akakaa chini kwenye mkeka wakati kiti kipo, na hilo lilimpendeza Bi Sichana. Alimweleza kwamba kuna mtambaazi unaopanda miti na kuinyonga, kwamba magari yanamwaga taka ukingoni, na kwamba kiangazi moto ukizuka hapana njia ya kuuzuia. Yote hayo Bi Sichana alikuwa ameyaona. Magoti yake hayakumruhusu tena kuinama kung'oa kitu, na mpwa wake Yusra, ambaye ndiye angeshika dhamana baada yake, alikuwa na duka la mitandio mjini na alishasema wazi kwamba mambo ya ubani na mayai yeye hayawezi.

Jumamosi ya kwanza kijiji kizima kilikuja, na kijiji kizima kilisimama ukingoni. Walizoa chupa za plastiki zilizokuwa nje, wakang'oa magugu ya nje, lakini kuingia hapana aliyeingia. Mcha, mume wa Mwatum, binti wa Bi Sichana, mwashi mwenye mabega kama mlango, alisimama ameshika jembe lake kama mtu aliyeambiwa alishikilie tu mpaka mwenyewe arudi. Wanawake wakamcheka. Mmoja akamwambia, "Shemegi, kwani mke wako nyumbani humwogopi, unaogopa miti?" Akacheka naye, lakini hakusogea.

Mahfoudh akamvuta Bi Sichana pembeni. Alimwomba kwa upole aseme neno, kwani hapana mwengine ambaye watu watamwamini. Akimwambia hivyo, simu ilikuwa tayari mkononi, inarekodi.

Bi Sichana aliutazama mtambaazi ulivyokwishafika kwenye matawi ya mtondoo. Aliwaza mikono yote ile iliyosimama bure. Na pengine, kwa kuwa hapana aliyemwomba kusema neno mbele ya watu tangu mumewe afariki, aliona raha kidogo kuombwa.

"Humu hamna kitu," aliwaambia watu. "Mie nlilala humu nkiwa mtoto, nkasikia komba tu. Ingieni. Lakini vueni viatu, na msikate bila ya kuuliza, maana heshima ni heshima."

Kisha akamshika Mcha mkono, akaingia naye. Kiganja cha mkwe wake kilikuwa kimelowa jasho, na Bi Sichana alikiminya kama anavyominywa mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Walipofika kwenye mtondoo Mcha alitazama juu, akatazama chini, akavuta pumzi, akacheka peke yake. Nyuma yake watu wakamiminika.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na hilo ndilo lililomuuma Bi Sichana baadaye kuliko yote. Kila Jumamosi kulikuwa na chai ya tangawizi, mihogo ya nazi na maneno ya utani. Mtambaazi uling'olewa ukachomwa. Njia ya kuzuia moto ililimwa, pana, ya kupita gari la ng'ombe, mpaka katikati kabisa. Vijana wa mjini, ambao hawakujua, walizoa kila walichokiona ni taka: chupa, mifuko, vichetezo vilivyovunjika, vitambaa vilivyofungwa mtini. Bi Sichana aliona kitambaa chake kikiingia kwenye gunia pamoja na makopo ya soda. Angesema nini, na yeye ndiye aliyesema hamna kitu? Na viatu, watu walivivua wiki mbili za mwanzo tu.

Fito zilianza kupotea kwanza. Kisha vikaonekana visiki vilivyofunikwa majani. Bi Sichana alimpelekea habari Mahfoudh, naye akaja mbio, akapigilia kibao kinachokataza kukata miti, akapiga picha ya kibao. Kibao hicho hakikumaliza mwezi. Mtu alikigeuza mlango wa banda la kuku, na banda lenyewe lilionekana kutoka njiani.

Siku moja baada ya alasiri aliona moshi mweupe, mzito, upande wa machimbo ya mawe. Ulikuwa moshi wa tanuri la chokaa. Alijifunga kanga vizuri, akachukua fimbo yake, akaenda. Alikwenda polepole, akikaa kila penye jiwe la kukalia, na alipofika jua lilikuwa limelala. Magogo yalikuwa yamepangwa mduara, mawe yamerundikwa juu yake, na moto umekwishashika upande mmoja. Magogo mengine yalikuwa bado hayajatiwa. Gogo la karibu yake lilikuwa kubwa mno kwa tanuri lile, limepasuliwa kwa kabari, na kwenye gome lake kulikuwa na mkanda uliobonyea, mweupe kidogo kuliko pengine.

Bi Sichana aliuwekea mkono. Aliufuata kwa kidole mpaka ulipokatikia.

Mcha alitokea nyuma ya moshi, uso umejaa masizi. Alipomwona alifuta mikono kwenye suruali, akamwamkia. Bi Sichana hakuitikia.

"Nani kakupa ruhusa?" aliuliza.

"Nkamuombe nani, mama? Humo si hamna mtu."

"Hukuniuliza mie."

Mcha aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na Bi Sichana alijua, maana ndiye aliyempa binti yake. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwomba amsaidie kulibeba jambo.

"Mama, mie tangu mdogo nkipita huku nnakimbia. Usiku nlikuwa sitoki hata kujisaidia. Weye ndo ulonshika mkono ukanipeleka. Mtondoo nliutazama siku ile, nkaona kumbe ni mti." Akaligeukia tanuri. "Na mwashi akiona mti, anaona tanuri. Mwatum anataka nyumba ya mawe. Na chumba kimoja chako."

Bi Sichana alishika fimbo yake, akarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alijaribu. Alisimama mbele ya watu akiwa na kichetezo kipya, ubani unafuka, akawaambia kwamba waliokata watakiona walichokitafuta, kwamba mti ule ulikuwa na wenyewe. Sauti yake ilitetemeka pale ilipotakiwa itetemeke, maana alikuwa na hasira ya kweli. Kwa muda mfupi hata Mcha aliangalia chini, na Bi Sichana akadhani hofu imeshika. Kisha simu ya mtu ikalia kutoka nyuma, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, changamfu, ya mtu anayefurahia kutazamwa: "Humu hamna kitu. Mie nlilala humu nkiwa mtoto, nkasikia komba tu. Ingieni." Ilikatika hapo. Ya viatu na ya kuuliza hayakuwamo. Aliyeisambaza video ile aliikata, na kijiji kizima kilikuwa nayo hivyo hivyo.

Hawakumcheka sana. Afadhali wangemcheka. Walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee aliyesahau alichosema jana, na Sabri, jirani yake, alimpokea kichetezo taratibu asije akajiunguza.

Nyumba ilikwisha kabla ya mwezi wa Ramadhani. Chokaa ya lile tanuri ilikuwa nyeupe, safi, Mwatum akaisifu kwa kila aliyepita. Chumba cha mama yake alikipaka mara mbili. Bi Sichana alisema atabaki kwenye kibanda chake, na Mwatum akalia, akasema mumewe kahangaika kwa ajili yake, watu watasema nini. Basi akahamia. Kitanda alikivuta katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne, na mwanawe alipomuuliza alisema ukutani kuna baridi. Lakini chumba kilikuwa chembamba, na mtu mwenye magoti mabovu hainuki bila ya kuegemea kitu.

Mahfoudh bado alikuja, na wachache. Siku ya kupanda miche alimwendea Bi Sichana, akamwomba tena, macho yakiwa chini, kama angeweza kuwaambia watu kwamba mle msituni kuna kitu. Simu haikuwa mkononi safari hii.

"Mie nshasema," Bi Sichana alimjibu. Akachukua ndoo, akageuka kwenda kuchota maji pangoni.

Ndipo wote waliokuwa nyuma yake wakaona mgongo wa kanga yake, kutoka bega hadi kiunoni, mweupe kwa chokaa. Walitazamana. Hapana aliyemwambia ajipangushe.