Dobi na Benchi la Kusubiri

Siku ile mjinga alikuwa yeye, asisingiziwe mtu mwingine. Mzee Mkunjo, dobi wa mtaa, aliambiwa kwa lugha nyepesi kabisa akasubiri nyumbani. Akaitikia kwa adabu, akatoka mlangoni kwa daktari, kisha akaketi kwenye benchi la korido, akatulia kama kuku aliyepata mayai ya kuatamia. Lakini ujinga nao una chanzo, na huu wa Mkunjo ulianzia kwenye pasi.

Kazi aliijua. Suruali ikitoka mikononi mwake, ule mstari wa mbele ungeweza kukata nyanya. Shida ilikuwa kufunga duka. Alichomoa waya wa pasi, akaiweka sakafuni, akaigusa kwa kidole kilicholowa mate, akaiaga. Akifika kwenye kona, moyo unamuuliza: umechomoa? Anarudi. Imechomolewa. Anaondoka. Moyo unasema: sasa ulipokwenda kuangalia si uliushika waya, una hakika hukuuchomeka? Anarudi tena. Majirani waliacha kumsalimia kila alipopita. Walingoja mzunguko wa mwisho wakamsalimia kwa jumla.

Hayo yangebaki kuwa kicheko cha mtaa, kama si harusi ya binti yake mkubwa. Ukumbi umetulia, maharusi wanavishana pete, mara Mkunjo akaruka kutoka kiti cha mbele kama mtu aliyekalia siafu. “Pasi!” akapiga ukelele, huyoo, mlangoni. Wageni hawakujua habari za pasi. Walijua jambo moja tu: baba wa bibi harusi hakimbii bure. Wakamfuata. Ukumbini wakabaki maharusi, keki iliyolala kifudifudi, na mpiga picha, ambaye kwa kukosa la kufanya alipiga picha za viti.

Sasa kitinda mimba naye alikuwa amechumbiwa. Akamjia baba yake dukani, akasimama kando ya rundo la mashati.

“Baba, nakupenda.”

Mkunjo akaweka pasi chini. Neno likianza hivyo, mwisho wake huwa na miba.

“Ila picha za viti sitaki. Ukiweza kukaa mpaka mwisho, utaniingiza ukumbini wewe. Ukiona huwezi, mjomba kasema yuko tayari.”

Mjomba mwenyewe ni kaka wa mama yao, jina lake la mtaani Suti, kwa kuwa alivaa suti hata akienda kununua chumvi. Suti alikuwa tayari siku zote kwa jambo lolote lenye kamera. Vyombo vya kuosha vikijaa, hapo ndipo alipokumbuka ana mgongo.

“Suti akuingize wewe? Mtoto wangu?”

“Baba, yeye akikaa anakaa.”

Neno hilo lilimchoma Mkunjo kuliko pasi yoyote. Akaenda kumlalamikia mkewe, akidhani atapata wa kumlilia.

“Mama Watoto, umesikia alichosema mwanao?”

“Nimesikia. Mimi ndiye niliyemwambia akwambie.” Mama Watoto alikuwa anakunja shuka, wala hakuinua macho. “Hospitali kuna daktari anafanya utafiti wa watu wenye hofu zisizosikia dawa. Anawatibu kwa maongezi. Nenda.”

“Maongezi? Mbona wewe unaniongelesha kila siku na siponi?”

“Mimi nakufokea, Baba Watoto. Ni fani nyingine.”

Basi akaenda. Daktari mtafiti alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na uvumilivu mdogo, ingawa alijitahidi kuuficha. Akamuuliza hofu yake ikipanda hufika ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Mkunjo akasema kumi na nne. Akaambiwa mwisho kumi. Akasema basi hizo nne zilizobaki zihifadhiwe, atazihitaji.

Daktari akamweleza mpango. Watu wangegawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi la kwanza lingeanza maongezi mara moja. La pili lingesubiri kwanza, halafu nalo lipate tiba ileile.

“Sasa la pili limekosa nini, daktari?”

“Halijakosa kitu, mzee. Hofu nyingine hupungua zenyewe, kama mafua. Nikiwatibu wote kwa pamoja, wakapona, nitajuaje kama ni maongezi yangu yamewaponya au ni siku tu zimepita? Lazima nilinganishe na ambao hawajatibiwa.”

Mkunjo akalielewa hilo vizuri. Hata yeye sabuni mpya huijaribu kwenye upande mmoja wa shati. Kura ikapigwa, akaangukia kundi la kusubiri.

“Nikasubiri wapi?”

“Nyumbani. Zamu yako ikifika, tutakupigia simu.”

Mkunjo akatabasamu moyoni. Tutakupigia simu! Yeye si mtoto wa jana. Aliwahi kuambiwa hivyohivyo kwa ajili ya jino. Alingoja simu mpaka jino likang'oka lenyewe kwenye hindi la kuchoma, na simu haijapigwa hadi leo. Dunia ilishamfundisha: anayesubiri nyumbani husahauliwa, anayesubiri mbele ya macho ya daktari huonewa haya. Ndiyo maana akakaa kwenye benchi. Na kila Jumanne, siku ya utafiti, akaamua atakuja kukaa hapohapo, amevaa shati lililonyooka.

Hakuwa peke yake. Alitoka mama mmoja mnene mwenye mfuko wa barua begani, naye kaangukia kundi lilelile. Wakaambiana hofu zao: huyu alikuwa mpeleka barua, na hofu yake ilikuwa mbwa.

“Mpeleka barua unaogopa mbwa?” Mkunjo akashangaa.

“Na wewe dobi unaogopa pasi. Tucheke au tuheshimiane?”

“Tuheshimiane, Mama Posta. Kaa hapa. Ukienda kusubiri nyumbani, umekwisha.”

Mama Posta akakaa, kisha akapandisha miguu yote miwili kwenye benchi. Mbwa wa mlinzi alikuwa amelala chini yake, anakoroma.

Jumanne ya kwanza, Mkunjo hakumaliza hata nusu saa. Moyo ukaanza: pasi. Akaondoka mbio. Pasi aliikuta imelala sakafuni, baridi kama pua ya mbwa. Akarudi akihema, akakuta mahali pake pamekaliwa na bwana mwenye mguu wa plasta. Siku hiyo Mkunjo alisubiri amesimama, na magoti yake hayakumsamehe.

Jumanne iliyofuata akajikuta kati ya moto na maji. Akiinuka, benchi linakwenda. Akikaa, duka linaungua. Jasho likamtoka, vidole vikaanza kucheza kwenye goti.

“Mama Posta, nishikie nafasi niende mara moja tu.”

“Sishiki. Benchi si embe.”

“Duka likiungua je?”

“Likiungua watakuja kukwambia. Mtaa wako mtu akipiga chafya kila nyumba inajua. Kaa, baba, usinichezeshee benchi. Ukilitikisa mbwa anaamka.”

Akakaa. Hofu ikapanda kama maziwa jikoni: sita, nane, kumi, ikachukua na zile nne za akiba. Mkunjo akafumba macho akingoja kufa. Hakufa. Akangoja tena. Bado. Ikawa kama mgeni aliyekuja kugomba na hakuna anayemjibu: hofu ikazunguka, ikafoka, ikachoka, ikakaa chini. Alipofumbua macho, Mama Posta alikuwa ameteremsha mguu mmoja, na mbwa ameuwekea kidevu.

“Usiseme kitu,” mama akanong'ona, macho yamemtoka pima. “Najifanya sijaona.”

Jumanne zikapita hivyo. Mkunjo akawa anaondoka dukani anageuka mara moja tu, halafu hata kugeuka akaacha, na majirani wakalalamika kwamba siku hizi anawapita bila kuwapa nafasi ya kumsalimia. Mama Posta akawa anakuja na mfupa ndani ya mfuko. Watu wengine wa kundi la kusubiri wakapata habari kwamba huko hospitali kuna benchi, nao wakaja. Ikabidi mlinzi aongeze la pili.

Siku ya kupimwa tena, Daktari akamuuliza Mkunjo hofu yake inafika ngapi.

“Mbili. Tatu ikinyesha.”

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Mzee, wewe uko kundi la kusubiri.”

“Ndiyo.”

“Umefanya nini?”

“Nimesubiri.”

“Nyumbani?”

“Nyumbani wapi, mwanangu? Hapo nje. Na wenzangu.”

Daktari akafungua mlango, akachungulia. Kundi lake zima la kusubiri lilikuwa limejipanga kwenye mabenchi, linacheka, na Mama Posta anamkuna mbwa tumboni. Akafunga mlango taratibu, akauegemea kwa paji la uso.

“Hawa walitakiwa wasifanye lolote,” akauambia mlango. “Nitaandika nini mimi? Kundi la maongezi limepona, na kundi la benchi limepona na limefuga mbwa!”

Mkunjo akamwonea huruma. “Pole, mwanangu. Kwani hiyo tiba yenyewe huko ndani ikoje?”

“Tunazungumza juu ya hofu, halafu tunamfundisha mtu kukaa nayo bila kukimbia, mpaka ipoe yenyewe.”

“Anakaa kwenye benchi?”

“Kwenye kiti.”

“Kina mto?”

“Kina.”

“Aa. Basi sisi tumepata kozi ngumu.”

Daktari alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda nguvu. Alipotulia akasema lazima amwalike kwenye maongezi hata hivyo, ni haki yake. Mkunjo akasema yeye ndiye mwenye kumwalika, tena kwenye harusi.

Harusi ikafika. Asubuhi Suti akamjia shemeji yake na koti mkononi.

“Shemeji, niazime ufunguo wa duka, nijinyooshee suti mwenyewe. Wewe una mambo mengi. Huwezi kujua, pengine leo nitahitajika.”

Mkunjo akalielewa lile “nitahitajika” lote, mpaka mkia wake. Akampa ufunguo.

Akamwingiza binti yake ukumbini. Alitembea kifua mbele, shati limenyooka hata nzi angeteleza. Akakaa kiti cha mbele, Mama Watoto kushoto, Suti kulia. Nyuma yao walikaa Daktari na Mama Posta. Mama Watoto alikuwa ameshika pindo la koti la mumewe, kwa usalama tu.

Zilipotolewa pete, ukumbi ukanyamaza, na waliohudhuria ile harusi ya kwanza wakashika mikoba yao tayari. Suti akainama, akanong'ona kwa sauti tamu kama asali:

“Shemeji. Hivi ile pasi umeizima?”

Sita. Nane. Mkunjo akaisikia inapanda. Mama Watoto akakaza pindo. Bibi harusi akageuza jicho moja. Mkunjo akakiegemea kiti, akaiacha hofu izunguke, ifoke. Ilipofika tano inashuka, akageuza kichwa.

“Shemeji, mimi leo sijashika pasi. Wa mwisho kuishika ni wewe.”

Suti akatabasamu. Tabasamu likakaa usoni kidogo, halafu likabaki peke yake, mwenyewe keshaondoka. Akakishika kiti, akakiachia.

“Pasi!” akabweka, akatoka mbio, koti linapepea kama bendera.

Nusu ya ukumbi ikasimama. Mkunjo akanyanyua mkono bila kugeuka.

“Kaeni. Huyo ana lake.”

Wakakaa. Pete zikaingia vidoleni. Mpiga picha akapiga picha za watu, na katika kila picha yuko dobi, amekaa.

Watu walikuwa wanakula keki, tena iliyosimama wima, Suti aliporudi. Tai iko begani, kiatu kimoja kimefunguka, kwapani kabana pasi na waya wake unaburuzika sakafuni.

“Ilikuwa imezimwa,” akasema, anahema. “Baridi kabisa. Lakini nikaona bora nije nayo, niwe naiona.”

Meza nzima ikavunjika mbavu. Mama Watoto akacheka mpaka akamwegemea Mama Posta, ambaye alikuwa anaficha mfupa kwenye mkoba kwa ajili ya mtu wake wa hospitali. Suti akaona heshima inamtoka, akaanza kuigombania.

“Chekeni, chekeni! Lakini msinidanganye kwamba benchi linatibu mtu. Shemeji kazeeka, hofu imezeeka naye, basi. Benchi! Hata mimi nikikaa stendi nitapona mgongo? Daktari huyu hapa, msomi, aseme mwenyewe kama ana ushahidi.”

Macho yote yakamgeukia Daktari. Akameza keki. Alitamani kumtetea mzee, lakini kazi ni kazi.

“Kwa kweli,” akasema kwa shida, “mtu mmoja hatoshi. Huenda ni benchi, huenda ni siku zimepita, huenda ni furaha ya mtoto wake. Ili tuseme ni benchi, tungehitaji mtu mwingine wa kumlinganisha naye. Wa familia hiihii, wa umri uleule, aliyepatwa na hofu ileile, saa ileile, ila yeye hakukaa benchi.”

“Mmesikia?” Suti akapiga meza kwa furaha, akawazungushia macho wote. “Mmesikia lakini? Haya, mtu wa namna hiyo mtampata wapi?”

Bibi harusi akajifuta keki mdomoni.

“Mjomba,” akasema, “weka kwanza pasi chini, ndipo uulize.”